Je, wajua kwa nini "I enjoy to read" ni kosa?

"Nataka kusoma", "nafurahia kusoma", "nimemaliza kusoma": Kiswahili kina KU- moja tu kwa zote. Kiingereza kina njia mbili, "to read" na "reading", na anayeamua ni kitenzi kinachotangulia. Want, hope, decide, promise, refuse na agree hufuatwa na "to". Enjoy, finish, avoid, mind, suggest na keep hutaka "-ing".

Mgawanyo huu haukuzuka hivihivi. "To" hiyo asili yake ni kihusishi cha kuelekea mahali, ndiyo maana hupatana na tendo ambalo bado halijafanyika. "-ing" hulichukulia tendo kama jambo ambalo tayari lipo. Ila usiuegemee sana ufafanuzi huu: suggest huzungumzia la mbele na bado hutaka "-ing". Hicho kikariri tu.

Utamu uko kwenye vitenzi vinavyokubali zote mbili na maana ikageuka. "He stopped smoking": ameachana na sigara. "He stopped to smoke": alisimama ili avute. "I remembered to lock the door": sikusahau, nikafunga. "I remember locking the door": nakumbuka kabisa kwamba nilifunga. "Try to open the window" yaambiwa mtu ambaye dirisha huenda likamgomea. "Try opening the window" ni ushauri kwa anayelalamikia joto. Kwa like, start na begin usijisumbue, tofauti ni ndogo.

Baada ya kihusishi (before, without, for, by) weka "-ing": "Thank you for coming". Hapa ndipo barua nyingi za kuomba kazi huharibika kwenye mstari wa mwisho: "I look forward to hear from you". "To" ya hapo ni kihusishi. Ukitaka kuhakikisha, weka nomino baada yake. "I look forward to your reply" inakaa sawa, kwa hiyo andika "hearing". "I want to your reply" haikai, kwa hiyo ni "want to hear". Kipimo hichohicho hutenganisha "I am used to waking early", yaani nimezoea kuamka mapema, na "I used to wake early", yaani zamani nilikuwa nikiamka mapema, siku hizi siamki.