Chura Kijitoni Si Kibali cha Kunywa Maji

Wapo watu Nairobi wanaoamini kuwa kijito chenye vyura, kama vile vya msitu wa Karura, maji yake yanafaa kunyweka.

Imani hii ina chembe ya ukweli. Chura hupumua pia kwa ngozi yake nyembamba yenye unyevu, kwa hiyo sumu ya sabuni au dawa za shamba humwingia upesi. Vyura wakitoweka, kuna jambo. Lakini kuwepo kwao hakuthibitishi usalama: bakteria wa homa ya matumbo na kipindupindu humwangusha binadamu, si chura. Choo kimoja kinachovuja huko juu kinatosha kuwaleta, na maji yakabaki maangavu kabisa. Chura mwenyewe huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila kuugua.

Ukitaka kujua hali ya kijito, kifuate kuelekea chanzo chake, utazame mabomba, mifugo na povu. Inua jiwe polepole uangalie viluwiluwi na wadudu wa maji, kisha lirudishe lilivyokuwa. Usimshike chura, mafuta ya kujipaka mkononi mwako humdhuru.

Kuhusu kunywa, maabara ndiyo huamua: chupa iliyotakaswa, maji yakae kwenye barafu na yafike mapema siku hiyohiyo. Katika mililita 100 bakteria wa kinyesi aitwaye E. koli hatakiwi hata mmoja. Bila kipimo, acha maji yatokote dakika 1 nzima. Kumbuka tu kwamba moto huua vijidudu, hauondoi kemikali.