Sukari ya Asubuhi Si Ushahidi wa Kosa

Kijana anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza huogopa mambo mawili: sukari kushuka, na lile swali la mzazi, "Umekula nini wewe?" Kwa vijana tunaowaona kliniki hapa Kigoma, la pili ndilo linalowanyima raha zaidi.

Mzazi ana sababu ya kukesha. Mwili wa mtoto huyu hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ya kumtosha. Akikosa sindano, asidi inaweza kujaa kwenye damu na kumuua. Sukari ikishuka sana akiwa usingizini, anaweza kupata degedege. Mama anayeamka saa nane usiku kumpapasa kama ametoka jasho hana cha kulaumiwa.

Tabu huanza uangalizi unapogeuka upelelezi: begi la shule linapekuliwa, rafiki anahojiwa kuhusu soda, majibu ya kipimo yanatangazwa mbele ya wageni. Kijana anajifunza kuficha. Anaruka kupima, maana sukari isiyojulikana haigombezwi. Au anabuni namba na kuzijaza kwenye daftari la kliniki, kisha daktari anapanga dozi kwa kuzifuata. Hilo linatutisha kuliko andazi la kuibia.

Wazazi wengi hawajaambiwa kwamba balehe yenyewe hupandisha sukari. Homoni za ukuaji hupunguza nguvu ya insulini, na kuelekea alfajiri ini humwaga sukari kwenye damu hata kama mtu hajala kitu. Hofu na ugomvi navyo huipandisha. Kijana aliyekula ugali wa muhogo na dagaa kwa kiasi kilekile cha siku zote, akajidunga sawasawa, anaweza kuamka na sukari ya 13 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu). Kumuuliza amekula nini ni kumsingizia. Mwambie, "Iko juu leo, tufanyeje?" Ikijirudia siku kadhaa, njooni tuangalie dozi.

Lakini msimwachie kila kitu kwa mkupuo. Kijana aliyeachiwa mapema mno huruka sindano. Apime na kujidunga mwenyewe, mzazi awepo sindano ya usiku, na daftari lifunguliwe mara moja jioni, si kila anapopita sebuleni. Sukari ikiwa chini ya 4, aseme papo hapo bila kuogopa kugombezwa, anywe maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Akizimia, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Vivyo hivyo sukari ikiwa juu naye anatapika au anahema kwa nguvu: msingoje kupambazuke.

Nawe kijana, kama umechoka na sindano, au hulali kwa mawazo, tuambie. Unaweza kuomba kuzungumza na muuguzi peke yako dakika chache. Mzazi akiombwa asubiri kwenye benchi nje, asidhani amefukuzwa. Atarudi ndani kabla ya dozi kupangwa.