Farmakojenetiki: mtoto wako si sugu

Nilikuwa ndani ya daladala ya kutoka Ujiji, Kigoma, nyuma ya kina mama wawili. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mwanawe wa miaka minane, aliyekutwa na ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza mawazo kwenye jambo moja. "Wiki ya tatu hii anameza dawa, Mama Zawadi. Asubuhi inamshika kidogo, mchana hola. Nimeambiwa ana usugu, mambo ya jeni hayo." Mwenzake akaguna. "Pole, mwaya. Basi huyo ndo hatibiki tena."

Mimi ni mfamasia, na neno hilo, usugu, nimelisikia dirishani kwangu mara nyingi mno kuweza kulinyamazia.

Walichokuwa wakikizungumzia kina jina lake, farmakojenetiki: elimu ya jinsi tofauti za vinasaba, yaani jeni, alivyozaliwa navyo mtu zinavyobadilisha safari ya dawa mwilini mwake, yaani inafika kiasi gani kwenye damu, inakaa kwa muda gani, inamsaidia au inamsumbua. Mjerumani Friedrich Vogel ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1959. Hapo hapana ugomvi. Ugomvi wangu ni na usugu.

Nenda mwaloni Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, umwombe mvuvi mzee akufunulie kiganja. Chini ya kila kidole utakuta ngozi nene, ya manjano kama nta, ambayo ukiibonyeza kwa ukucha wala hashtuki. Hiyo ndiyo sugu. Ujiji utaiona pia kwenye paji la uso la mzee aliyesujudu miaka sitini. Itamke taratibu: sugu, sugua. Hakuna anayezaliwa nayo. Huletwa na kamba, jembe au mkeka, siku baada ya siku, mpaka kilichokuwa laini kinaacha kusikia.

Neno lilipoingia kwenye habari za dawa lilikuja na maana hiyohiyo, na lilikaa vizuri. Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini, uchungu wake na muwasho wake wa kukesha unajikuna. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu. Vimelea, si wagonjwa. Vilikutana na dawa kizazi hata kizazi, vilivyo dhaifu vikafa, vilivyosalia vikazaana. Lakini mitaani tukaanza kusema fulani ana malaria sugu, baadaye fulani mwenyewe ni sugu, na neno likahama kutoka kwa kimelea likaenda kumkalia mtu.

Sasa mtoto aliyemeza kidonge chake cha kwanza wiki tatu zilizopita, sugu ameipatia wapi? Tofauti ya vinasaba alikuwa nayo tangu tumboni, kabla hajaijua ladha ya dawa yoyote.

Chukua atomoksetini, mojawapo ya dawa za ADHD. Ini huivunja kwa kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho CYP2D6, na jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho ina matoleo mengi. Kwa watu wengi, kila baada ya saa 5 hivi dawa iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Kwa yule ambaye kimeng'enya chake hakifanyi kazi, nusu hiyo huchukua saa 21 au zaidi, na kwa dozi ileile mwili wake unakutana na dawa karibu mara 10 ya mwenzake. Huyo ndiye anayekataa chakula na moyo kumwenda mbio, nasi tunasema dawa ni kali. Wapo pia waliorithi nakala za ziada za jeni hiyo. Uchunguzi wa miaka ya 1990 uliwakuta kwa watu karibu 29 kati ya 100 nchini Ethiopia. Hao huivunja dawa upesi, dozi ya kawaida inawapita tu, na hao ndio tunaowabandika usugu. Ini lao linachapa kazi kuliko la wengine, halafu tunaliita sugu!

Methilfenideti, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, haitegemei njia hiyo. Huvunjwa na kimeng'enya kingine, CES1, na wachache wenye toleo fulani la jeni yake huivunja polepole. Jeni zinazohusika na dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, nazo zimechunguzwa sana, ila majibu yamegongana, na hakuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kumhakikishia daktari mapema kwamba dawa hii itamfaa huyu na ile itamshinda. Ndiyo maana huanza na dozi ndogo, akapandisha kidogokidogo, akiuliza mwalimu anasemaje, chakula kinalika, usingizi unakuja.

Kuna kosa la pili, dogo, linalotokana na neno vinasaba lenyewe. Kwa kuwa limetoka kwenye nasaba, watu husikia ukoo, kisha kabila, na utaambiwa dawa hizi haziendani na damu ya Waha. Ni kweli toleo namba 17 la CYP2D6, linalopunguza kasi ya kimeng'enya, limeenea Afrika kuliko Ulaya. Lakini kwa kawaida mtoto hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama, na ndugu wa tumbo moja, wanaokula ugali na mgebuka kwenye sahani moja, wanaweza kupokea nakala tofauti.

Tuliposhuka Mwanga nilimwomba radhi yule mama kwa kusikiliza yasiyonihusu. Nikamwambia, dada, mwanao si sugu. Sema dozi hii haijamkaa, au dawa hii haijamfaa bado. Akafungua mkoba akatoa daftari la shule. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: saa 2 kidonge, saa 4 ametulia anaandika, saa 7 kaanza tena. Siku tisa, karibu zote vilevile. Dawa ilikuwa inafanya kazi, ila inaisha mapema. Inaweza kuwa ni jeni, inaweza kuwa ni aina ya kidonge tu, maana methilfenideti ya muda mfupi huisha baada ya muda wa saa 4 hivi kwa watu wengi. Nilimshauri ampelekee daktari ukurasa huohuo, na aanzie kwenye ile saa 7.