Bango la kisayansi ni nini, mpaka mtu asafiri hadi Vienna kwenda kusimama nalo

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba binamu yako kaenda Ulaya kuprizenti posta, atakuuliza Posta Mpya au Posta ya Zamani. Ndo maana mi napendelea kusema bango, ingawa wenyewe wakiongea utasikia posta, posta, mpaka mwisho. Bango la kisayansi ni karatasi moja kubwa, ukubwa wa shuka la mtoto hivi, mtafiti kaweka humo kazi yake nzima, swali alilokuwa analitafutia jibu, alivyopima, alichokuta, ramani na grafu zake, halafu analibandika ubaoni na yeye mwenyewe anasimama pembeni anasubiri watu. Hilo la kusimama ndo lenyewe sasa. Bango bila mtu ni tangazo tu, kama yale ya waganga kwenye nguzo za umeme.

Tuchukue mkutano mmoja. EGU ni umoja wa wanasayansi wa Ulaya wanaosoma dunia, dunia kwa maana ya miamba, maji, hewa, barafu, volkano, na mkutano wao mkuu unafanyika Vienna, Austria, tangu 2005, mara nyingi Aprili, kwenye jengo linaitwa Austria Center jirani kabisa na ofisi za Umoja wa Mataifa. Unaenda wiki nzima na watu wanaofika ni zaidi ya 15,000, wanatoka kila kona sio Ulaya tu, sasa piga hesabu mwenyewe, kila mmoja akipewa jukwaa na projekta dakika kumi kumi mtamaliza lini? Hapo ndo bango linapoingia.

Kabla ya bango kuna abstrakti, yaani muhtasari mfupi usiozidi maneno 500 unaotumwa miezi kadhaa kabla, kwa kawaida Januari, na unalipia wakati wa kutuma, usipoenda hela hairudi. Wasimamizi wa kila mada wanasoma wanaamua nani aongee jukwaani nani asimame na bango. Na hapa watu wengi wanachanganya mambo, hata waandishi wa habari. Abstrakti kukubaliwa maana yake mada yako inafaa kuongelewa pale, haina maana kwamba wataalamu wamekaa wakakagua data zako mstari kwa mstari kama jarida la kisayansi linavyofanya. Ukisoma mahali "utafiti uliowasilishwa Vienna unaonyesha", jua kazi bado iko jikoni.

Haya, chukulia kuna dada wa haidrolojia, yaani sayansi ya maji, kaja na kazi ya Ziwa Victoria. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu huku ilikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, vuli ikanyesha kama imetumwa, mvua ikaendelea kuingia 2020 na mwezi Mei kipimo cha maji ya ziwa pale Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, sentimita moja tu juu ya rekodi ya 1964. Vijiji vya ufukweni vikaingiliwa na maji, magati yakazama. Swali lake dada ni dogo kulitamka, je ni mvua peke yake?

Jukwaani angekuwa na dakika kama kumi, slaidi zinapita, swali moja, mwenyekiti anaangalia saa, asante sana anayefuata. Kwenye bango ana karibu saa mbili. Anakuja mzee mmoja mikono nyuma, anasoma kimya, anaweka kidole kwenye grafu ya pili anauliza, haya maji yaliyopanda juu kwa mvuke umeyakadiriaje? Si swali la kejeli, ziwa lile maji yake mengi yanaingia kwa mvua inayolinyeshea lenyewe na mengi yanatoka kwa mvuke, mito mchango wake ni mdogo, kwahiyo ukikosea mvuke kidogo tu hesabu yote imekwenda. Kabla hajamaliza kujibu mwingine anadakia, na pale Jinja maji yanapotokea kwenda Nile kuna mabwawa, milango inafunguliwa na binadamu, umetenganishaje mkono wa mtu na mvua? Swali hilo mbele ya ukumbi mzima lingemmaliza. Hapa anachomoa kalamu, wanachora nyuma ya ratiba, na mmoja anamwambia nina data za setilaiti nitakutumia. Kwahiyo anayesema bango ni la walioshindwa kupata jukwaa, mi simwelewi kabisa.

2020 korona ilipohamishia mkutano wote mtandaoni, mabango yakawa mafaili na maswali yakawa ya kuchati kwa maandishi. Ilisaidia wasiokuwa na nauli wala viza, hilo siwezi kulikataa, ila yule mzee wa kidole kwenye grafu humpati kwa kuchati.

Kuna pia kitu kinaitwa PICO, EGU walikianza 2013, kila mtu anapewa dakika mbili za kujinadi mbele ya wote kisha mnahamia kwenye skrini za kugusa kuongea. Nusu jukwaa, nusu bango.

Kuhusu muonekano ugomvi hauishi. 2019 Mike Morrison, mwanafunzi wa PhD ya saikolojia Marekani, alitoa video akisema mabango yamejaa maandishi hakuna anayesoma, weka jibu lako katikati kwa herufi kubwa, pembeni QR ya kuskani basi. Mi naona yuko sahihi nusu, maana watu wa miamba na maji wanakuja kutafuta ramani, ukiwawekea sentensi moja tupu wanapita.

Na kosa la wageni ni saizi. Ubao wa Vienna umelala, upana sentimita 197 kimo 100, mtu anakuja na karatasi ya saizi ya A0 ya kusimama yenye kimo karibu 119, inaning'inia chini kama kanzu ya kuazima. Soma vipimo kabla ya kuprinti. Na ukiweza printi kwenye kitambaa, unakunja unaweka kwenye begi na nguo, huhangaiki na lile bomba refu la plastiki ambalo watu wanalisahau kwenye ndege.