Wasichana wa miaka ya 1920: tunachodhani walivaa na walichovaa kweli

Tafuta mtandaoni gauni la sherehe yenye mada ya miaka ya 1920, na kila duka litakuonyesha lilelile: gauni la poliesta linaloishia katikati ya mapaja, tamvua kuanzia kifuani hadi pindoni, utepe wa kichwani wenye unyoya, na mkufu mrefu wa lulu za plastiki. Poliesta yenyewe haikuwepo mpaka miaka ya 1940. Mimi napenda sana mavazi ya zama zile, na inaniuma kuona wanawake wa Ulaya na Marekani walioyavaa wakikumbukwa kwa vazi ambalo hawakulijua. Haya hapa madai ninayoyasikia kila mara, na ukweli wa kila moja.

"Magauni yao yalikuwa mafupi mno." Mwaka 1923, muongo ukiwa tayari umeanza, pindo lilikuwa karibu na vifundo vya miguu. Lilipanda kuanzia mwaka 1925, na kati ya 1926 na 1928 likafika chini kidogo ya goti. Hapo ndipo lilipokomea. Goti lilionekana mwanamke alipocheza dansi au alipokaa, na hilo peke yake lilitosha kuwakasirisha wachungaji na wahariri wa magazeti. Kufikia 1930 magauni yalikuwa yamerefuka tena.

"Kila gauni lilikuwa na tamvua." Tamvua zilikuwepo, ila zilikuwa za hariri, nzito na za bei kubwa. Zile nyepesi zinazorukaruka tumezizoea kupitia mavazi ya filamu na jukwaa ya miongo ya baadaye. Pambo kubwa la gauni la jioni lilikuwa shanga: maelfu ya shanga ndogo za kioo zilizoshonwa kwa mkono juu ya hariri laini, hata gauni likafika uzito wa kilo kadhaa. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huyahifadhi yakiwa yamelazwa. Ukiyatundika, shanga huipasua hariri kwa uzito wake. Baadhi yalipambwa kwa visahani vidogo vya kung'aa vya jelatini, ambavyo viliyeyuka kwa joto na jasho. Fikiria kucheza charleston, dansi ya kurusharusha miguu, usiku kucha ndani ya gauni la namna hiyo! Na unyoya kichwani ulikuwa wa jioni tu. Mchana mwanamke alivaa kofia ya kloshi, yenye umbo la kengele, iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

"Nywele fupi zilianza miaka ya 1920, na kila mwanamke alizikata." Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. Huko Paris, msusi mzaliwa wa Poland aliyejulikana kwa jina la Antoine alimkata mwigizaji Ève Lavallière nywele fupi mwaka 1909. Marekani, mcheza dansi Irene Castle alikata zake kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kidoletumbo, wakati Vita Kuu ya Kwanza inaanza. Ili zisimwangukie usoni, alizizungushia mkufu wa lulu, na wanawake wengi wakaiga mkato pamoja na mkufu ule. Kisha vita vikawaingiza wanawake viwandani, penye mashine zinazozunguka, na nywele ndefu zikawa hatari.

Upande wa pili, wengi hawakukata kabisa. Mary Pickford, nyota mkubwa wa filamu, alibaki na mashungi yake marefu hadi mwaka 1928, na alipoyakata habari ilijaa magazetini. Wengine walizikunja nywele ndefu na kuzibana kisogoni na juu ya masikio, ukiwatazama kwa mbele ungeapa wamekata.

Waliokata walihitaji ujasiri. Wasusi wengi wa kike walizoea kupanga na kubana nywele ndefu. Ukataji hawakuujua, na baadhi yao waliukataa. Basi wanawake wakaingia kwa vinyozi wa wanaume na kusubiri zamu kwenye kiti kilekile. Kutoka hapo mitindo ikazidi kufupika: kwanza mkato ulionyolewa nyuma kufuata umbo la kichwa, halafu mwaka 1926 hivi mkato wa Eton, mfupi kama wa mvulana wa shule.

"Nywele fupi hazikuhitaji kazi ya kuzitunza." Mtu aliyewahi kushika mkasi saluni atakwambia kwamba nywele fupi hazisamehe. Zilitaka kupunguzwa kila baada ya wiki chache. Mawimbi yake yalipigwa kwa koleo la moto, ufundi ambao Marcel Grateau aliubuni Paris miaka ya 1870. Koleo lilijaribiwa kwanza kwenye karatasi, na karatasi ikiungua, koleo liliachwa lipoe. Waliotaka mawimbi ya kudumu walikaa kwa saa nyingi chini ya mashine ya umeme yenye nyaya zinazoning'inia, iliyotokana na kazi ya Mjerumani Karl Nessler. Katika majaribio yake ya mwanzo aliziunguza nywele za mkewe Katharina.

"Mtindo huu ulikuwa wa wazungu." Sivyo hata kidogo. Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, ilikuwa na wanawake waliovaa na kutengeneza nywele kwa ustadi wa hali ya juu, na nyuma yao ilikuwepo biashara ya urembo iliyojengwa na wanawake weusi wenzao, akina Annie Malone na Madam C. J. Walker. Huyu Walker husemwa kila mara kwamba ndiye aliyevumbua kitana cha moto. Hakukivumbua, vitana vya chuma vya kupashwa moto vilikuwepo kabla yake. Alichojenga ni kampuni iliyowapa maelfu ya wanawake weusi kazi ya kuuza na kusuka, na hilo kwangu ni kubwa kuliko kitana. Mwaka 1925 mcheza dansi mweusi Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, alipanda jukwaani Paris akiwa na nywele zilizolazwa zikang'aa, na kikunjo kimebandikwa kwenye paji la uso. Muda si mrefu wanawake wa Ufaransa wakawa wananunua mafuta ya nywele yenye jina lake, Bakerfix, ili wafanane naye.

"Walitupa korseti." Korseti ni vazi la ndani la kubana kiuno, na wembamba pekee ndio waliothubutu kuliacha. Gauni lililonyooka lilitaka mwili ulionyooka, kwa hiyo wengine walivaa mikanda ya mpira ya kubana nyonga na sidiria za kubapaza kifua, kama ile ya kiwanda cha Symington cha Uingereza iliyokazwa kwa kamba ubavuni.

"Ulikuwa mtindo wa matajiri." Makarani, wapiga taipu na waendesha simu waliuvaa pia, kwa sababu gauni lenyewe lilikuwa rahisi kushona: hakuna kiuno cha kubana, mishono michache iliyonyooka basi. Mary Brooks Picken wa Scranton, Pennsylvania, alifundisha wanawake kwa njia ya posta kushona gauni kwa saa moja. Soksi ndefu za hariri zilipowashinda bei, walinunua za rayoni, yaani hariri bandia, na kwa kuwa zilimetameta kupita kiasi, walizipaka poda miguuni kabla ya kutoka.