Chromodoris si kila koa wa baharini mwenye rangi

Nimeona mara nyingi mno picha ya koa wa baharini mwenye rangi za kupendeza ikiandikwa chini yake “Chromodoris”, kana kwamba neno hilo lina maana ya koa wa rangi. Chromodoris ni jenasi moja tu, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, katika familia ya Chromodorididae, ya koa laini wasio na gamba. Koa wa jenasi hii hula sifongo, wanyama wa baharini waliojishikiza miambani, na huishi katika bahari za Hindi na Pasifiki pamoja na Bahari ya Shamu.

Nakiri kwamba jina lenyewe linapotosha. Wataalamu wa wanyama Joshua Alder na Albany Hancock walilitunga mwaka 1855 kwa kuunganisha neno la Kigiriki chroma, yaani rangi, na Doris, binti wa bahari katika visasili vya Kigiriki, ambaye Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka mfumo wa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, alikuwa amekwisha kulitumia jina lake kwa koa wengine mwaka 1758. Hata hivyo, jina la jenasi hutambulisha ukoo, wala si lazima lieleze sura ya kila aliyemo wala kumjumuisha kila anayefanana naye. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliigeuza jenasi hii kuwa kapu la kutupia spishi nyingi zenye rangi, hadi mwaka 2012, Rebecca Johnson na Terrence Gosliner walipolinganisha jeni zao na kuonyesha kwamba wengi waliomo hawakuwa ndugu wa karibu. Ndiyo maana aliyeitwa Chromodoris kuniei, mwenye madoa ya zambarau mgongoni, leo ni Goniobranchus kuniei, na baadhi ya wale wa Atlantiki wamehamishiwa Felimida. Waliobaki katika Chromodoris wengi wao wana mistari myeusi inayokwenda kwa urefu wa mwili.

Hata mistari hiyo haitoshi, kwa kuwa wapo minyoo bapa wa jenasi ya Pseudoceros wenye michirizi inayofanana nayo sana. Hapo ndipo umbile linapotusaidia kuliko rangi. Koa ana vipapasio viwili kichwani, vyenye mikunjo myembamba iliyopangwa kama kurasa za kitabu, ambavyo hunusia kemikali majini. Na nyuma, mgongoni, ana shada la matamvua ya kupumulia linalouzunguka mkundu, ambalo hulivuta ndani ya mfuko wake akiguswa. Mnyoo bapa hana matamvua kabisa. Kwa bahati mbaya, matamvua hayo hayatofautishi Chromodoris na Goniobranchus, kwani wote wawili wanayo.

Ndani ya jenasi pia jicho hulazimika kusogea karibu: Chromodoris annae na Chromodoris elisabethina wote ni wa buluu, wenye mistari myeusi na ukingo wa rangi ya chungwa, lakini buluu ya annae ina vitone vidogo vyeusi, na ya elisabethina haina.

Basi anayeandika jina chini ya picha, ikiwa ameona shada la matamvua mgongoni lakini hana hakika ya jenasi, na aandike tu kwamba huyo ni koa wa Doridina, kundi pana linalojumuisha Chromodoris na jamaa zake, na jina Chromodoris aliache mpaka atakapoitambua spishi.