Udongo Mweusi Unavyokata Paipu za Maji

Katika nchi zenye baridi kali, paipu hupasuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Kisumu hatuna barafu, lakini kwenye uwanda wa Kano, pande za Ahero na Nyando, kinachotanuka ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa pamba hufyonza maji ya mvua za Machi ukavimba. Kiangazi hunywea, ukaacha nyufa za kupenyeza mkono. Paipu iliyozikwa humo husukumwa juu, kisha huachwa ikining'inia.

Mara nyingi hukatikia inapoingia ukutani, kwa kuwa nyumba imeshikwa na msingi ilhali udongo wa nje unapanda na kushuka. Kwingine ni karibu na mita ya maji na kwenye viungo vya kona. Ukimwita fundi akaunga upya PVC ileile ya kijivu kwa gundi, utamwita tena msimu ujao, maana PVC ni ngumu, haikubali kupinda.

Weka paipu nyeusi ya roli (HDPE) ya milimita 25, daraja la PN 10 (yaani inahimili shinikizo la bar 10). Kwa kuwa inauzwa ikiwa ndefu, unaweza kuitoa kwenye mita hadi nyumbani bila kiungo hata kimoja ardhini. Chimba mtaro wa sentimita 60. Tandika mchanga sentimita 10, laza paipu kwa mawimbi, ukiongeza kama sentimita 30 za ziada kila mita 10, kisha funika kwa mchanga sentimita 15 nyingine. Mabonge ya udongo mweusi yasiguse paipu.

Mchanga una hila yake: hupitisha maji, na mtaro unaweza kugeuka mfereji wa kupeleka mvua kwenye msingi. Kwa hiyo mita moja ya mwisho kabla ya ukuta, jaza murramu iliyoshindiliwa kuizunguka paipu badala ya ule mchanga. Ukutani, pitisha paipu ndani ya kipande cha paipu pana, milimita 50, na uzibe pengo kwa sponji. Ukiziba kwa saruji, umeifunga paipu tena palepale ilipokuwa ikikatikia.

Mkaratusi nao hunyonya unyevu na kukausha udongo upande mmoja. Uwe mbali na mtaro angalau kwa umbali sawa na urefu wake.

Kabla ya kufukia, fungulia maji na ukague kila kiungo. Baadaye, ukishuku uvujaji, funga bomba zote za nyumbani na vali ya tangi, andika namba za mita, usubiri saa moja wakati maji ya mtaa yapo. Zikisogea, tembea juu ya mtaro: kiangazi, mahali ambapo nyufa zimejifunga huku kwingine ziko wazi ndipo pa kuchimba. Usikawie, kwani maji ya mgao yakikatika, tundu hilohilo hufyonza tope na maji ya choo yaliyo jirani.